Mguu Nje ya Neti

Jina lilituambia mapema, Nyamvula.
Ziwa la Ng'ombe. Ziwa.
Hatukusikia.
Tulinunua kiwanja mwezi wa Januari, vumbi likitimka,
kwa dalali mwenye viatu vyeupe aliyesema
hapa maji ni ya bomba tu, na ya bomba yenyewe hayaji.
Tukacheka. Tukahesabu pesa.
Ng'ombe wa zamani walijua walikokuwa wakija kunywa.

Mvua ya mwaka wa kwanza iliishia barazani kama mgeni mwenye haya.
Ya mwaka wa pili iliingia jikoni bila hodi.
Ya tatu ndiyo hii.
Ulikuwa na miaka minne, umelala, mguu unaning'inia nje ya neti,
ukaniita gizani: "Mama, kumelowa."
Nikadhani umejikojolea. Nikakukaripia.
Hilo bado sijakuomba msamaha.

Siku ile simu ilishinda imejaa sauti.
Mtu asiye na jina, amebana pua kama mtangazaji,
kuna chamchela baharini, kimbunga chenye mkia,
saa moja jioni kitang'oa mabati kutoka Nyali hadi Mtwapa,
mtumie kila umpendaye.
Nikawatumia wote niwapendao.
Nikawatisha wote niwapendao.
Saa moja ikapita, hata jani la mpapai halikutikisika,
watu wakatukanana kwa kicheko, wakazima simu.
Tangazo la kweli lilikuja saa nne, kavu, halina pua wala mkia:
mvua kubwa, sehemu za mabondeni, usiku wa manane hadi alfajiri.
Uongo ulikuwa umeshakula.
Kweli ilikuta sufuria tupu.

Isipokuwa kwa Kadzo wa chumba cha mwisho,
mwenye redio iliyofungwa kwa mpira wa mtungi.
Yeye alisikia. Saa tano, sakafu ingali kavu,
akaishusha swichi kubwa ya ploti nzima,
nasi tukamlaani gizani, kila mtu na feni yake,
mchawi, mwanamke hana mume wa kumwambia alale.
Saa tisa maji yalipofika kwenye soketi
tulikuwa hai kwa sababu ya mchawi.

Akapiga sufuria kwa mwiko, mlango hadi mlango:
msibebe televisheni, bebeni watoto,
shuleni, ghorofani, piteni juu kwa juu kwenye ukuta,
barabarani msikanyage!

Shekuwe akakanyaga.
Pikipiki yake ilikuwa ng'ambo, chini ya mkungu.
"Ni ya magotini," alisema. "Magotini tu."
Maji ya magotini yana mikono, mwanangu,
na mfereji ule haukuwa na kifuniko;
kiliuzwa chuma chakavu, na aliyekiuza tulimjua,
tulikunywa naye chai.
Tuliiona tochi ya Shekuwe ikigeuka mara moja,
ikatumulika sisi,
basi.
Asubuhi pikipiki ilikuwa pale pale.
Haikuwa imesogea hata hatua.

Sasa unacheka mfuko wangu ule kwenye msumari,
kopo la maziwa lenye cheti chako, kitambulisho,
pampu yako ya pumu, tochi, namba za simu kwa kalamu ya wino
maana simu nayo hufa maji.
Unasema, Mama, mvua ni mvua.
Bibi yako alikupa jina hilo kwa kuwa ulizaliwa mvuani,
na Wadigo wakiita mtoto hawaiti kwa mzaha.

Nenda ukapange huko ulikopata chumba, sikuzuii.
Ila kabla ya kuuliza kodi, uliza mahali panaitwaje,
na nani alipaita hivyo, na alikuwa anaona nini.
Sauti ya kutisha ikikufikia, uliza imetoka kwa nani kabla hujaipitisha.
Mjue Kadzo wa ploti yako ni yupi. Yupo. Mpelekee mahamri.

Na mawingu yakikaa chini upande wa Nguu Tatu,
lala,
lakini acha mguu mmoja nje ya neti.